Mzee na Kumbukumbu za Kasi

"Mzee wa watu hatupwi kama kiatu!" jirani yangu alipayuka katikati ya ua, ndoo ya nguo mkononi. "Umenisikia? Hatupwi!"

"Nani anamtupa mzee?"

"Wewe! Nimekusikia kwa masikio yangu haya, sikuhadithiwa. 'Mzee kachoka. Mzee kumbukumbu zake hazifai. Nikimpa kazi mbili kwa mpigo anaganda.' Ulisema, hukusema?"

"Nilisema, lakini..."

"Amesema!" Aligeukia kamba ya nguo kana kwamba mashuka yake yamekuja kusikiliza kesi. "Amekiri kwa kinywa chake! Na ukamalizia, 'Kama hasaidiki, namtoa nachukua kijana.' Kijana, mke wa mtu wewe! Mumeo yuko barabarani na lori lake anakula vumbi, wewe huku unachukua kijana!"

Dirisha la juu likafunguka. Na la pembeni yake. Mlango wa kinyozi ng'ambo ya ua nao ukafunguka, mteja akatoka na kitambaa shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

Ndugu zangu, mimi napenda watu. Nyumba isiyo na mgeni naiona kama imefiwa. Lakini watu wakijaa kukutazama wewe, hapo ndipo unajua ua wenu ni mdogo kiasi gani.

Kwa aliyenikosa wiki iliyopita, nitamfupishia. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Nakata, naunga, naweka muziki, naondoa mashangazi wanaopita mbele ya kamera. Kompyuta ninayotumia niliipata ikiwa imeshachosha watu wengine, na kwa jinsi ilivyokohoa siku ya kwanza nilipoiwasha, nikaibatiza Mzee. Wakati huo baba mkwe wangu alikuwa bado anaishi kwake.

Sasa anaishi kwetu. Aliyemleta ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, na mnakumbuka onyo alilonipa hapo mlangoni: "Nikisikia neno moja tu kwamba baba ananyanyaswa humu, siku hiyohiyo namchukua."

Nyumba ya wifi ni nzuri, ina vigae mpaka jikoni. Ila tangu asubuhi mpaka jioni haina mtu. Baba angeshinda humo peke yake, geti limefungwa kwa nje. Kwetu hapa anacheza bao na kinyozi, anasalimiwa na kila apitaye. Nami nimemzoea. Akikohoa chumbani kwake, nami huku naona nyumba ina mwenyewe.

Sasa hii habari ya kumbukumbu. Ndani ya kompyuta kuna vipande vinavyoshika kazi unayoifanya wakati huohuo. Mafundi wanaviita ramu. Nami nilikuwa naviita hivyo, mpaka siku wifi aliponikuta kwenye simu na fundi nikisema, "Ramu niliyonayo haina nguvu, niletee kali."

Wifi alishusha miwani puani. "Umeanza lini kunywa?"

Tangu siku hiyo nasema kumbukumbu. Nilikuwa nakimbia aibu. Tazameni nilikokimbilia.

"Mzee ni kompyuta!" nilimwambia jirani, mbele ya ua mzima.

"Kompyuta ina ndevu?"

"Ingia ndani ukaone."

Aliingia. Jirani huyu tunamwita Redio, ila si mbele yake. Akipata habari saa ya kufagia, mpaka saa ya kupika imefika nyumba ya mwisho. Nakiri mbele yenu kwamba nami ni msikilizaji mzuri. Asubuhi bila Redio, chai haishuki vizuri. Ila sikuwahi kuwa taarifa ya habari mimi mwenyewe.

Nilimwonyesha sanduku chini ya meza. Ubavuni nimebandika karatasi, nimeandika kwa kalamu nene: HUYU NI MZEE. USIMGUSE AKIWA KAZINI.

Redio alisoma. Akainama, akasoma tena.

"Shikamoo," aliliambia sanduku, kwa kejeli.

Sanduku likakoroma.

"Kumbe," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Na huyo kijana?"

"Kompyuta mpya. Nilikuwa namuuliza fundi, nimwekee huyu kumbukumbu za kasi, au nimwache nitafute nyingine."

"Kumbe."

"Umeelewa sasa?"

"Nimeelewa."

"Basi yameisha, mama. Kaa nikupe chai."

Hakukaa. Alijikuna shingo. "Hayajaisha. Nimeshampigia wifi yako."

Nilishika ukingo wa meza. "Lini?"

"Kabla sijaja kukugombeza."

"Ulianza na wifi kabla yangu?"

"Ningeanza na wewe ungenikatiza."

"Akasemaje?"

"Aliniuliza kama nina hakika. Nikaapa. Akasema anatoka sasa hivi."

"Mpigie umwambie umekosea."

"Nimekwambia niliapa! Nitamwambiaje? 'Samahani dada, lilikuwa sanduku'? Ataniona mtu wa namna gani?"

"Mmbeya."

"Basi, umejijibu mwenyewe," alisema, akaondoka na ndoo yake.

Nilimpigia wifi mimi. Simu imezimwa. Nikampigia mume wangu. Huko aliko hakuna mtandao. Nikabaki nimesimama na simu mkononi kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Ndipo nikasikia sauti chumbani kwa baba.

"Saba mara saba, arobaini na tisa. Saba mara nane, hamsini na sita. Saba mara tisa..."

Baba mkwe wangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Nikagonga. "Baba? Shikamoo. Uko salama?"

"Subiri. Sijamaliza ya saba."

Nikasubiri. Alipofungua alikuwa amevaa shati la kutokea, amefunga vifungo mpaka cha kooni. Begi lake lilikuwa kitandani, limeshajazwa.

"Niulize," alisema.

"Nikuulize nini, baba?"

"Chochote. Ua mzima unasema kumbukumbu zangu hazifai. Haya. Kumi na tatu mara kumi na tatu."

Hapo nilifanya kosa ambalo silitetei. Nilicheka. Si kwa ubaya. Ni ile asubuhi nzima ilikuwa imenijaa kifuani, ikapata mlango.

Baba alinitazama. "Sawa," alisema polepole. "Cheka, mkwe. Mia moja sitini na tisa."

Kicheko kilikatika. Nikamshika mkono, nikamvuta mpaka kwenye meza, nikamwonyesha karatasi. Alitoa miwani mfukoni, akasoma, akalizunguka sanduku, akaligonga kwa kidole.

"Huyu ndiye Mzee?"

"Ndiye, baba."

"Na mimi je?"

"Wewe ni baba."

Alikaa kwenye kiti changu cha kazi, akafungua kifungo cha kooni. "Nilishafika ya kumi na tisa nikaanza upya," alisema. "Ya kumi na tisa inachosha."

Nikamweleza kuhusu Redio, kuhusu wifi aliyeko njiani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Utamwambia mwenyewe, baba?"

"Nitamwambia. Mimi hapa siondoki. Kule nitazungumza na televisheni, nayo haina adabu, ukiiuliza swali haijibu."

Wasomaji wangu, nilishusha pumzi. Nikaona nimeshapona. Akarudi chumbani kufungua begi lake, akaniacha na kazi.

Na kazi ndiyo iliyokuwa inanikaba. Ile harusi niliyowaambia bado sijaimaliza. Bibi harusi ameshaanza kununiana na mumewe, mimi bado nahangaika na keki. Kila nikiweka rangi, Mzee anaganda. Nikiweka muziki, anaganda. Bwana harusi amebaki mdomo wazi, kijiko cha keki hewani, hamezi wala hatemi.

Wiki nzima nilikuwa naulizia. Mwenye duka la simu aliniambia kumbukumbu za kasi ni dawa, nikiziweka nitaruka. Mpiga picha wa mtaa wa pili akaniambia hizo ni mbwembwe. Mtu mmoja niliyemkuta kwa kinyozi, kazi yake siijui hata leo, aliniambia kwa uhakika mkubwa kwamba kompyuta inapenda ubaridi. Nikaweka feni. Mzee akakohoa zaidi.

Fundi alifika hatimaye, kumbukumbu za kasi zimefungwa kwenye soksi safi.

"Mzee anaendeleaje?" alipiga kelele tangu getini.

Nilimziba mdomo kwa kiganja. "Leo usimwite Mzee. Mwite kompyuta."

"Kwa nini?"

"Wewe mwite kompyuta. Ukisahau, hapa utatoka bila soksi."

Akaingia, akapiga magoti, akafungua ubavu wa sanduku. "Mama, hizi nilizokuletea ni moto. Utahisi mwenyewe. Wepesi!"

"Mimi sihisi, fundi. Mimi napima."

Nilipima hivi. Nilichukua kile kipande cha video ya keki, nikabandika sufuria ya maji jikoni, na maji yalipokaa motoni tu nikabonyeza kitufe cha kukamilisha video. Nikasimama kati ya jiko na meza, jicho moja huku, jingine kule. Maji yalipochemka, kile kijimstari cha kijani kilikuwa kimefika katikati.

"Sasa weka zako."

Alichomoa za zamani, akapuliza vumbi, akazikandamiza zile mpya mpaka zikalia tak. Zilipendeza, sitaki kuwa mwongo. Zina mabawa ya chuma mgongoni, nyekundu, kama vitu vya mtoto wa tajiri. Akawasha. Mzee akakohoa.

"Mbona bado anakohoa?"

"Hicho ni kifeni. Kumbukumbu hazikohoi."

Sufuria ileile, maji kipimo kilekile, moto uleule. Nikabonyeza. Fundi akasimama nyuma yangu akisugua mikono, akihimiza kijimstari kwa mdomo kama mtu anayeswaga ng'ombe.

Maji yakachemka.

Kijimstari kilikuwa katikati. Labda kimezidi unene wa ukucha.

"Umeona!" Fundi aliruka. "Kimesogea!"

"Kimesogea nini? Ukucha?"

"Ukucha nao ni..."

"Fundi."

Akavuta kiti, akafungua kurasa zake za mipangilio, akasoma huku midomo ikicheza. Nikatia chakula kwenye yale maji, maana nilishajua sufuria ndiyo itakayoshinda leo.

"Ni hivi, mama," alisema mwishowe. "Hizi zina kasi, hilo halina ubishi. Ila ule ubao wa ndani zinakochomekwa ni wa kizamani. Haujui mwendo huu. Unazilazimisha zitembee mwendo wa zile nilizotoa."

"Kwa hiyo umeniletea mkimbiaji, tumemvalisha gunia."

"Unaweza kusema hivyo."

"Ulijua?"

"Nilitumaini."

"Na ubao ungekuwa mpya?"

Alikwaruza kidevu. "Kwa kazi hii ya kwako, ungepata kidogo. Si wa kuruka. Kumbukumbu kubwa ingekusaidia kuliko ya kasi, maana shida yako ni kujaa, si mwendo. Na ubongo wake wenyewe umechoka. Huo ukichoka, kasi ya kumbukumbu inaharakisha nini?"

"Mbona hukuniambia hayo kwenye simu?"

"Hukuniuliza hayo. Uliuliza kama ninazo."

Ndugu zangu, kuna hasira inayokuja na kelele, na kuna ile inayokaa tu kooni. Wiki nzima sijalala vizuri kwa swali hili. Nimetukanwa mbele ya kinyozi. Nimemfanya mzee wa watu arudie jedwali lote la kuzidisha. Wifi yuko njiani. Vyote hivyo, jumlisha, kwa ajili ya unene wa ukucha.

"Zitoe," nilisema. "Rudisha za zamani."

"Mama, zikae japo siku chache uzizoee."

"Nizizoee zikifanya nini? Zing'ae gizani? Ndani ya sanduku nani anaziona? Toa, fundi."

Alitoa. Alikasirika, na mimi sikumlaumu, naye alikuwa na siku yake. Akafunga sanduku, akazirudisha kwenye soksi, akakusanya bisibisi zake bila kuniaga. Nikamfuata mpaka uani, maana alikuwa ameondoka na skrubu yangu moja mfukoni.

"Fundi, skrubu!"

Aligeuka katikati ya ua. Na hapo ndipo alipofungua kinywa chake, kwa sauti ya mtu aliyekosa biashara:

"Mama, nakwambia kwa nia njema! Mzee huyu hata umbadilishie nini, basi tena! Amekwisha! Mtoe! Uza vipuri vyake, kama kuna mtu atavitaka!"

Niliona macho ya Redio kwanza. Alikuwa kwenye kamba ya nguo, anatazama nyuma ya bega langu. Mdomo wake ukapanuka taratibu kwa raha ya mtu aliyekuwa anazama akarushiwa kamba.

Nikageuka.

Wifi alikuwa amesimama getini, mkoba kwapani.

"Nilisema mimi!" Redio alipiga kofi. Na anajua ukweli, jamani! Ameusoma kwa macho yake, mara mbili! "Nilisema, sikusema? Nimesikia kwa masikio haya!"

"Wifi, shikamoo," nilisema.

Hakuitikia. "Vipuri," alisema. "Baba yangu. Vipuri."

"Wifi, Mzee ni kompyuta."

"Kompyuta."

"Ni kweli, dada," fundi alidakia, soksi mkononi. "Mimi ni fundi wa kompyuta."

Wifi alimpima kuanzia viatu mpaka nywele. "Kumbe ndiwe huyo kijana."

Fundi akatazama chini. Ile skrubu akaiweka juu ya ndoo ya Redio, taratibu, akaambaa na ukuta mpaka nje ya geti.

"Wifi, nisikilize," nilisema. "Huyu jirani amesikia nusu. Ingia uone karatasi, nimeandika kabisa. Na kama huniamini mimi, muulize baba mwenyewe. Yupo, ana akili zake zote, ametoka kunipigia hesabu asubuhi hii. Atakwambia."

Wifi alifikiria. Kinyozi alikuwa amezima mashine.

"Nitamuuliza," alisema. "Akiniambia mwenyewe kwamba yuko salama na anataka kubaki, nakuomba radhi mbele ya watu hawa na narudi zangu. Nikimwona hana raha, naondoka naye sasa hivi. Mambo ya mdogo wangu na mke wake mtayamaliza wenyewe."

"Nimekubali," nilisema. Nilikubali haraka, maana nilikuwa na uhakika.

Mlango ukafunguka. Baba akatoka, shati lake la kutokea limenyooka, miwani mfukoni. Alitazama ua uliojaa, akatabasamu. Naye anapenda watu.

Wifi alipiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Hujambo, baba?"

"Sijambo kabisa. Naona hata wewe u mzima. Jua kali leo."

Nilimtazama Redio. Redio alitazama mashuka yake. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kuchagua maneno ya kumsamehe wifi.

Baba alisogea, akaupokea mkoba wa wifi kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia, uso umekunjamana kwa lawama.

"Mkwe, mbona umemsimamisha mtu juani? Chakula si kimeiva?"

"Kimeiva, baba."

"Basi." Akamrudia wifi. Alimtazama usoni vizuri, kwa upole, kama anavyowatazama wote wanaoingia kwa kinyozi. "Samahani, mwanangu, nimepokea mzigo kabla ya kuuliza. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nilisubiri acheke. Baba ni mtu wa utani, jamani, mnamjua. Nilisubiri.

Wifi alifungua mdomo. Akanigeukia mimi.

"Haya, usijali," baba alisema, akamwonyesha mlango. "Utaniambia mezani. Karibu ndani, mama. Karibu ule."